Filamu ya Tatu Si ya Mwisho

Ya mwisho! Filamu ya tatu wameiweka ya mwisho kabisa, chini hata ya ile ya sita, ambayo kila mtu mwenye akili zake anajua ni takataka!

Nitulie kwanza, nieleze. Tulikuwa kwenye matanga ya Kaka Safari, huko Shasha kando ya ziwa. Aliugua muda mrefu, tukamzika, na kesho yake tukaketi chini ya hema na jamaa zake, tunakula bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Nyuma ya nyumba grupu, jenereta ya kukodi, ilikuwa ikinguruma ili spika zipige nyimbo za dini. Upepo ulipogeuka, moshi wa esanse, petroli yake, ukanijia puani, na mimi nikarudi kijijini Burungu papo hapo, mtoto wa magoti machafu. Nyie wenzangu mliokulia milima ya Masisi miaka ile ya vita mnaijua harufu hiyo. Ilikuwa na maana moja tu: Papa Kambale amewasha, sinema inaanza, kimbia.

Karibu yangu alikaa Josué, mtoto wa dada yangu Neema, anayesoma chuo kule Goma. Nikamwambia kwamba marehemu huyu ndiye aliyetuonyesha filamu za Kapiteni, zile za chombo kikubwa kinachotembea kati ya nyota. Akafurahi. Kumbe na yeye anazijua! Akatoa simu mfukoni.

"Mama mudogo, ziko saba zote. Bantu ba dunia nzima balishazipanga, ya kwanza mupaka ya mwisho. Uone."

Nikavaa miwani. Nikaitafuta ya tatu juu, haipo. Nikaitafuta katikati, haipo. Nikaikuta mkiani.

"Juu ya nini?" nikamuuliza.

"Banasema hadithi yake iko mubovu. Mama ya Kapiteni anakufa bure, haina hata maana."

"Nani alikufa?"

"Mama ya Kapiteni."

"Weye Josué, nani alikufa?"

Hema zima likageuka. Hata mama yangu, aliyeketi upande wa pili na wazee wenzake, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, alinyanyua macho kutoka kwenye sahani. Sikujali. Kuna mambo mtu hakubali kuambiwa na simu.

Pale Burungu, Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Aliuza chumvi, sabuni na betri, na nyuma ya duka alikuwa na depo ya magunia. Jumapili baada ya misa alisukuma magunia ukutani, akaweka televisheni juu ya pipa, akafunga dirisha kwa blanketi, na hiyo ndiyo ilikuwa sine yetu. Ukitaka kuingia unaleta kikombe cha maharagi. Tulikaa chini, tumebanana, jasho na moshi na harufu ya samaki wa chumvi, na hakuna aliyelalamika.

Filamu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, na pale Burungu Kiingereza kilikuwa kama lugha ya ndege. Ndiyo maana Kaka Safari alikuwa muhimu kuliko televisheni. Aliwahi kusoma kwa mapadri kidogo, akaacha, akabaki na sauti ya kuhubiri. Alikalia kreti ya bia kando ya pipa, fimbo ya mwanzi mkononi, akatueleza kila kitu akipiga kelele kuishinda ile grupu. "Muangalie huyu! Anasema atauza chombo kwa adui! Mushenzi! Na huyu naye anamujibu: baba yako alikuwa rafiki yangu, sasa leo unanifanyia vile?" Kiingereza chake, nasikia leo, kingeenea kwenye kijiko kimoja. Lakini hakuna siku alikosa la kusema.

Kaseti zilikuja jinsi barabara ilivyotaka. Papa Kambale alichukua aliyoipata Butembo, kama njia ilipitika. Kwa hiyo sisi tulianza na ya tano, ambamo Kapiteni ni mzee mwenye mvi. Halafu ikaja ya kwanza, Kapiteni huyo huyo, nywele nyeusi, meno yote. Depo ikachafuka. Wengine wakasema ni uchawi, wengine wakadai maharagi yao. Kaka Safari akasimama, akainua mwanzi: "Nyamazeni! Huyu ni mujukuu yake. Balimupatia jina ya babu yake, na sura anafanana naye." Sote tukatulia. Kwetu mtoto hupewa jina la babu kila siku, na akifanana naye watu hushangilia. Jambo gani la ajabu hapo?

Tukazipanga, tena kila siku. Tukipalilia maharagi tunapanga, tukichota maji tunapanga, hata kwenye katekismo tulipanga kwa kunong'ona mpaka tukavutwa masikio. Wavulana walihesabu milipuko. Neema dada yangu alitazama nguo. Koko, mama yake mama yangu, aliyekuwa akitulea, aliingia mara moja tu akatoka na hukumu yake: zote mbovu, maana hakuna hata mmoja aliyepiga ishara ya msalaba kabla ya kula. Papa Kambale naye alizipanga kwa esanse. Filamu ndefu inakunywa sana, basi ni mbaya. Fupi ni nzuri. Ukimwambia habari za Kapiteni anakujibu habari za bidoni, madumu yake ya esanse. Ee, huyo baba!

Sasa sikieni habari ya tatu.

Mama alikuwa akipeleka maharagi Walikale na kurudi na mawese. Baba alifariki sijamjua vizuri, kwa hiyo tulikula kwa miguu ya mama. Alipanda magari ya mizigo hadi yanapofika, kisha akatembea. Safari moja hakurudi. Soko likapita, na lingine, madumu ya mawese hatuyaoni. Nikamuuliza Koko. Akasema, "Amechelewa tu." Nikamuuliza mjomba. Akatazama paa, akasema, "Amechelewa tu, mama." Hata wale ambao sikuwauliza walinisimamisha njiani, wakanishika kichwa, wakaniambia amechelewa tu.

Nyie mnajua desturi yetu. Kwetu mtu hatupiwi kifo usoni. Aliyefiwa huambiwa kwanza mgonjwa anaumwa kidogo, arudi nyumbani. Msafiri aliyepotea huambiwa amechelewa. Neno linazungushwa, linapakwa mafuta, hadi wewe mwenyewe uliguse. Wakubwa wote wanaielewa lugha hiyo. Mtoto haielewi. Mimi nilisikia "amechelewa tu" nikafurahi, maana aliyechelewa ni mtu aliye njiani. Nikaanza kwenda kumngoja kwenye kona ya barabara.

Jumapili moja nikaingia sine. Walikuwa wanarudia filamu ya tatu. Wenzangu wote waliiona wiki iliyotangulia, mimi nililala na malaria. Nikakaa mbele kabisa, karibu na magoti ya Kaka Safari.

Katika hiyo filamu yumo mama wa Kapiteni. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo. Anashuka kutafuta dawa kwenye nchi ya mawe, kwa sababu watu chomboni wanaumwa. Anaipata, anaituma mbele kwa wenzake, yeye anabaki nyuma akiwazuia maadui. Kisha tufani inakuja, chombo lazima kiruke. Anakimbia. Mlango unafungwa. Anabaki nje, ameinua mkono, na tufani inamfunika.

Kaka Safari akanyamaza. Haki ya Mungu, sikuwahi kumsikia amenyamaza. Ikabaki grupu peke yake. Nikamgeukia, nikamkuta ananitazama mimi, hatazami televisheni. Halafu akakohoa.

"Amechelewa tu," akasema. "Mama anasema: mwende, miye nitapita njia ingine. Ataona njia. Munamuona vile anainua mukono? Hiyo si kuaga. Anaonyesha ile njia atapita."

Mvulana mmoja mbele akafungua kinywa: "Lakini Kaka, juzi ulisema..." Paa! Mama yake alimchapa kofi la shingo. Nikaona amestahili, maana kelele kwenye sine hatukuzipenda. Watu wengine wote, wakubwa kwa wadogo, walikaa kimya kama wako kwenye ekaristi. Niliwaza filamu hii inaheshimiwa kweli kweli.

Tangu siku hiyo, katika kila filamu ya Kapiteni, ukiona nyota ndogo pembeni mwa kioo, Kaka Safari aliigusa kwa ncha ya mwanzi. "Ile taa kidogo, ndiye Mama. Anakuya." Yeyote awe anapigana, chochote kiwe kinalipuka, yeye alikatiza: "Ile pale. Anakuya." Na mimi nikawa nahesabu filamu ya tatu kuwa ya kwanza. Hayo mengine ni bunduki na kelele. Ile ilikuwa na jambo.

Vita ikafika Burungu. Sitaipamba. Tuliondoka asubuhi na vitu vya kichwani, Koko, Neema na mimi, tukafuata watu walioshuka upande wa Walikale, tukalala makanisani na mashuleni hadi tukafika Kibua. Miti mikubwa, joto, michikichi kila mahali. Familia moja ya hapo ilitupa kibanda na kipande cha shamba, Mungu awabariki. Koko akawa hasemi sana. Nikimwuliza kama mama atatujua tulipo, anajibu, "Lala."

Sasa sikilizeni balaa. Watoto wa Kibua nao walikuwa na sine yao, na walikuwa wameziona filamu za Kapiteni! Nilirukaruka kwa furaha. Tukaanza kubishana pale pale kisimani, wakimbizi upande huu, wenyeji upande ule. Lakini mwelezaji wao alikuwa mtu mwingine, na filamu zao zilikuwa mambo mengine kabisa. Eti Kapiteni mzee na kijana ni mtu mmoja! Eti ya sita ni nzuri! Nilivumilia. Mgeni hana ubavu wa kutukana. Halafu kiongozi wao, mvulana mmoja anaitwa Shukuru, meno mbele kama panya, akasema ya tatu hawaipendi kwa sababu mama ya Kapiteni anakufa.

"Hakukufa," nikasema. "Amechelewa tu."

Wakacheka. Lo, walivyocheka! Shukuru akaweka dumu lake chini, akanitazama kama ananihurumia.

"Weye haujue? Bakubwa bakisema muntu amechelewa, alishakufa. Njo vile banasemaka."

Nikasimama pale na ndoo yangu. Barabara yote tuliyotembea ikarudi kichwani: mjomba anatazama paa, watu wananishika kichwa, Koko ananiambia lala. Kila mmoja wao alikuwa amesema maneno yale yale. Mtoto huyu wa meno alikuwa ameniambia kitu ambacho kijiji kizima kilinificha, tena anadhani tunazungumza habari za filamu.

Niliacha ndoo, nikamrukia. Nikamng'ata. Tukaviringika kwenye matope ya kisima, mimi napiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Hakukufa! Iko njiani! Mama hakukufa!" Alinizidi nguvu, lakini hasira ilinisaidia. Tulipigana hadi watu wakatoka mashambani. Aliyetutenganisha ni mama yake Shukuru, mwanamke mrefu, mikono myekundu ya mawese. Akamshika huyu kwa mkono huu na mimi kwa mkono ule.

"Munapigania nini?"

"Sinema," akasema Shukuru, analia.

"Mama," nikasema mimi, nalia.

"Mama gani? Weye ni mutoto ya nani?"

Nikamtajia jina la mama yangu. Nikamwambia Burungu, maharagi, madumu ya mawese, amechelewa tu. Nilimwambia vyote kwa pumzi moja na kamasi juu. Yule mwanamke akaniachia mkono. Akaniuliza tena jina. Kisha akauliza kama mama yangu ana pengo hapa, kwenye jino la mbele.

"Iko mwanamuke wa Masisi kule juu, kwa shemeji yangu," akasema. "Anakamua mawese. Mguu ulivunjika, hawezi kutembea mbali. Na njia ilifungwa. Kila siku analilia batoto bake ba Burungu."

Gari lao lilikuwa limesimamishwa msituni na wenye bunduki. Waliokimbia walikimbia, na mmoja wao alifika hadi Masisi kusema kwamba wote wamekwisha. Kwa habari ya mtu mmoja mwenye hofu, mama yangu alikuwa maiti Burungu na mkamuaji mawese Kibua, juu ya kilima tulichokiona kila asubuhi tukipiga mswaki.

Tulimkuta kwenye mtambo wa mawese, ameketi juu ya gogo, mguu umefungwa vijiti. Koko alianguka chini. Neema akapiga yowe. Mimi nilisimama tu nikamtazama, na yeye akanitazama juu hadi chini, matope, damu, gauni limepasuka.

"Mwamini!" akaniita jina langu. "Umepigana?"

Na akanipiga kofi, la kwanza tangu aondoke. Ndipo akanikumbatia, na mawese yakanijaa shingoni.

Basi, nyie niambieni. Bila ubishi wa filamu ya tatu, nani angejua? Tungekaa Kibua, yeye mlimani, sisi bondeni, njia ikafunguka, kila mtu akaenda kwake. Halafu leo watu nisiowajua, wamekula wameshiba, wanaketi kwenye viti vyao na kuandika kwamba haina maana!

Hayo yote nilimwambia Josué pale kwenye hema, kwa sauti ambayo matanga hayaitaki. Akaniomba radhi. Ndipo mzee mmoja aliyeketi karibu na picha ya marehemu akaanza kucheka polepole, anajipangusa macho. Alikuwa Papa Kambale. Amezeeka, anatembea na fimbo, alikuwa amekuja kutoka Goma kumzika mfanyakazi wake wa zamani.

"Mwamini," akaniita, "mutoto anakuambia kweli. Ule mama alikufaka."

"Papa, na wewe?"

"Kaseti ilikuwa yangu. Safari alieleza ile kifo wiki ya kwanza, weye uko mugonjwa, bantu balilia mupaka nikafungua mulango bapate hewa. Halafu habari ya mama yako ikafika. Bajomba bako balianza kusema mambo ya matanga. Jumapili weye ukaingia, ukakaa pale mbele." Akatingisha kichwa. "Hatukupanga kitu. Safari alikuangalia tu, akageuza. Na depo nzima ikameza. Bantu balitoa maharagi yabo kwa ile filamu, na hakuna hata mumoja aliyesema kitu."

"Isipokuwa yule mutoto," nikasema.

"Na alichapwa."

Nilitazama ile picha ya Kaka Safari, amevaa koti la kuazima, amekaza uso kama mtu anayengoja grupu iwake. Miaka yote hii nilimsifu kwa sababu aliieleza vizuri, kumbe alisimama mbele ya televisheni akaikatalia. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Mama yangu hakuwepo, na Kaka Safari alimwekea lake, wiki baada ya wiki, kwa ncha ya mwanzi. Nilikasirika upya. Nilimkasirikia yeye pia, kwa kufa bila kuniambia, na tulionana mara ngapi pale Shasha akinitengenezea redio! Nililia, nikiri, nikipenga kwa kitenge.

Mama yangu alikuwa amesikia yote. Siku hizi naye ni koko, masikio yake yanachagua, lakini siku hiyo yalichagua kusikia.

"Josué," akaita. "Leta hiyo simu. Nione huyo mama."

Josué akanitazama. Nikainua mabega. Akaitafuta, akampa. Mama akaishika mbali na uso, kama anavyoshika barua ya serikali, na sisi tukajikusanya nyuma ya kiti chake, Papa Kambale naye na fimbo yake. Nilimwona tena yule mwanamke mfupi wa mabega, mdogo sasa kama punje ya harage. Anakimbia. Mlango unafungwa. Anainua mkono. Tufani inamfunika, na hakuna wa kutueleza.

"Shida yabo ni haraka," mama akasema, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. "Juu ya nini bafunge mulango? Si bamungoje?" Akamgeukia mjukuu wake. "Na hao bako, banaosema alikufa. Balimuona maiti?"

"Hapana, koko. Filamu inaisha pale."

"Weye ulimuona?"

"Hapana, koko."

"Basi amechelewa tu," akasema mama yangu, akamrudishia simu, akavuta sahani yake ya sambaza.